Tuache Kubadilisha Maua, Tubadilishe Njia ya Mwanga

Naomba nianze kwa kukiri: na mimi nilichemsha rozela.

Ilikuwa mwaka wangu wa mwisho. Nilinunua rozela kavu sokoni, fungu la kutosha juisi ya watu sita, nikaichemsha bwenini kwenye lile jiko la umeme ambalo sheria za bweni hazilitambui, nikachuja kwa kitambaa na kuiweka kwenye chupa ya maji ili niipeleke maabara asubuhi. Mwenzangu wa chumbani alifikiri ni juisi. Alikunywa karibu nusu, halafu akalalamika kwamba nimesahau sukari.

Mradi wangu ulikuwa wa kutengeneza seli za sola za rangi, na rangi yenyewe ilikuwa hiyo ya rozela. Mwaka uliotangulia kuna kaka alitumia mchicha mwekundu. Kabla yake dada mmoja alitumia komamanga. Kabla yao kuna hina, kuna manjano, kuna zambarau. Ukifungua kabati la ripoti za zamani pale idarani unaweza kudhani umekosea mlango ukaingia kwa watu wa mimea. Na karibu kila ripoti inaanza na sentensi ileile: nchi yetu imejaliwa jua la kutosha mwaka mzima. Sisemi watu walidesa. Nasema tu kwamba hiyo sentensi imetuzidi umri.

Makala haya yanaomba jambo moja. Tuache kubadilisha ua kila mwaka, tuanze kubadilisha njia ambayo mwanga unapita ndani ya seli. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia jinsi nilivyokaribia kuweka namba ya uongo kwenye bango langu, kwa sababu mambo hayo mawili yanakwenda pamoja kuliko nilivyodhani.

Kwa wenzangu wa Sheria na Biashara, mnivumilie kidogo. Paneli za kawaida tunazoziona juu ya mabati ni za silikoni. Silikoni inafanya kazi mbili peke yake: inameza mwanga na inasafirisha umeme. Seli ya rangi inagawa hizo kazi. Kumeza mwanga ni kazi ya rangi, kusafirisha ni kazi ya kitu kingine, ambacho mara nyingi ni titani dayoksaidi. Nitaiita titania. Ni poda nyeupe, ileile iliyomo kwenye rangi nyeupe ya ukutani na kwenye dawa nyingi za meno.

Unachukua titania yenye chembe ndogo sana, za upana wa nanomita 20 hivi (unywele wako mmoja una upana wa nanomita 50,000 au zaidi), unaifanya uji mzito, unaipaka juu ya kioo kinachopitisha umeme, kisha unaichoma kwenye tanuru kwa nyuzi 450 hadi 500 za Selsiasi. Chembe zinashikana na kuwa kama sponji yenye unene wa maikromita 10 hivi. Ukijumlisha kuta zote za ndani ya hiyo sponji, unapata eneo linaloweza kufika mara elfu moja ya eneo la kioo chenyewe. Ndipo unapoiloweka kwenye rangi, na molekuli za rangi zinajishikiza kwenye kuta hizo. Mwanga ukiigonga molekuli ya rangi, elektroni inarukia kwenye titania, inatembea hadi kwenye kioo, inatoka nje kwa waya, inafanya kazi yake, halafu inarudi upande wa pili kupitia kimiminika chenye ayodini ambacho kinairudishia rangi ilichopoteza. Mzunguko unaanza upya.

Brian O'Regan na Michael Grätzel walichapisha seli ya namna hii kwenye jarida la Nature mwaka 1991, ikiwa na ufanisi wa zaidi ya asilimia 7. Rangi yao ilitengenezwa kwa rutheni, metali adimu ya bei mbaya. Mwaka 1997 Cherepy na wenzake, Grätzel akiwa mmoja wao, walichapisha seli iliyotumia rangi ya tunda la blackberry, na ufanisi ulikuwa asilimia 0.56. Mwaka uliofuata Smestad na Grätzel wakaandika, kwenye jarida la ufundishaji wa kemia, jinsi wanafunzi wanavyoweza kutengeneza seli ya tunda kama zoezi.

Hapo ndipo maua yalipoingia. Angalieni lilipoandikwa: jarida la ufundishaji. Lilikuwa zoezi la kumfanya mtoto wa shule aelewe elektroni inatoka wapi na kwenda wapi. Sisi tumelichukua tukalifanya utafiti wa shahada, na kila mwaka tunabadilisha tunda.

Nilipomaliza seli yangu ya kwanza nilifurahi sana. Nyekundu, imekauka vizuri, haina ufa. Nikaipeleka kwa msimamizi wangu kabla hata sijaweka ile elektroliti ya ayodini. Akaichukua, akaiinua dirishani, akaitazama kwa jicho moja kama mtu anayekagua noti ya elfu kumi.

"Njoo uangalie. Unaona nini?"

Nikaangalia. "Naona mwembe, Dokta."

"Basi mwanga huo uliokuletea mwembe haukupi umeme."

Akanirudishia kioo changu, akaendelea kusahihisha mitihani. Nilitoka pale nimeudhika kidogo. Ilinichukua siku mbili kuelewa kwamba alikuwa amenifundisha mradi mzima kwa sentensi moja.

Tunachofanya kila mwaka ni kuuliza: ua gani lina rangi nzuri zaidi? Swali la kuuliza kwanza ni: mwanga ulioingia kwenye seli umeishia wapi? Sehemu yake inarudishwa na kioo kabla ya kuingia. Sehemu inamezwa na rangi, hiyo ndiyo yetu. Sehemu, na kwa tabaka jembamba lenye rangi dhaifu ni sehemu kubwa, inapita moja kwa moja na kutokea upande wa pili. Hiyo ya kupita ndiyo iliyonionyesha mwembe.

Jibu linalomjia mtu haraka ni kuongeza unene. Nilijaribu. Tabaka nene likitoka tanuruni linapasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi, na lisipopasuka linabanduka. Hata ukifanikiwa, elektroni sasa ina safari ndefu zaidi kufika kwenye kioo, na safari ndefu ina hatari zake: nyingi zinanaswa na ayodini njiani kabla hazijafika. Unapata mwanga zaidi, unapoteza elektroni zaidi, na volteji nayo inashuka.

Kumbe kuna njia nyingine. Badala ya kurefusha barabara, unamzungusha msafiri.

Fikiria unakatiza Kariakoo. Saa kumi na mbili asubuhi, maduka yamefungwa, unapita moja kwa moja, dakika tano umetoka upande wa pili na hela yako yote mfukoni. Sasa pita hapohapo saa sita mchana. Unasukumwa kushoto, unarudishwa nyuma, unazunguka mkokoteni, unajikuta tena mbele ya duka ulilolipita. Eneo ni lilelile, lakini umetembea mara tatu zaidi, na uwezekano wa kutoka hujanunua kitu ni mdogo. Tabaka la kutawanya mwanga linaufanyia mwanga hivyo. Linaupiga chenga na kuurudisha ndani kwa pembe mbalimbali, upite tena kwenye rangi ambayo iliukosa mara ya kwanza.

Hesabu yake ni ndogo, hata bila kalikuleta. Tuseme tabaka lako linameza asilimia 40 ya mwanga wa rangi fulani katika kupita mara moja. Asilimia 60 inaponyoka. Ukiirudisha yote ipite tena, linameza asilimia 40 ya hiyo 60, yaani 24 nyingine. Umetoka 40 umefika 64 bila kuongeza hata chembe moja ya rangi. Sasa chukua tabaka lenye rangi kali ya rutheni linalomeza asilimia 90 kwa mara moja. Ukirudisha 10 iliyobaki unapata 9 tu za ziada. Kwa maneno mengine, ujanja huu unamfaa zaidi yule mwenye rangi dhaifu. Unatufaa sisi wa rozela kuliko walioununua rutheni! Na bado kwenye ripoti nilizosoma kabatini, sikukuta hata mmoja aliyeujaribu.

Si kitu kipya. Mahesabu ya mtawanyiko wa mwanga kwenye seli hizi yalichapishwa na Usami mwaka 1997, kisha Ferber na Luther mwaka 1998. Kwenye maabara kubwa, tabaka la chembe za nanomita 400 hivi, lenye unene wa maikromita 4 au 5, limekuwa jambo la kawaida kwa miaka mingi. Wanalipaka nyuma ya sponji, mbali na upande jua linakoingilia, kama ukuta mweupe. Ukiliweka mbele litaurudisha mwanga nje kabla haujaifikia rangi, utakuwa umejifungia mlango mwenyewe.

Kwa nini 400 na si 20, wakati kitu ni kilekile? Hapa ndipo fizikia inapokuwa tamu. Mwanga tunaouona una mawimbi ya urefu wa nanomita 400 hadi 700. Chembe ya nanomita 20 ni ndogo mno kwa wimbi la namna hiyo, wimbi linaipita kama basi linavyopita juu ya kokoto. Kwa chembe ndogo hivyo, ukiongeza kipenyo mara mbili, uwezo wa chembe moja kutawanya mwanga unapanda mara 64. Chembe inapokaribia ukubwa wa wimbi lenyewe, mambo yanabadilika kabisa: mwanga unatupwa huku na kule. Ndiyo maana maziwa ni meupe, ndiyo maana taa za basi kwenye ukungu wa Kitonga zinageuka ukuta mweupe mbele ya dereva, wakati maji yenyewe hayana rangi. Watengenezaji wa rangi za ukutani wanalijua hili siku nyingi: titania yao ina chembe za nanomita 200 hadi 300, kwa makusudi, ili ukuta ufunikwe.

Lakini chembe kubwa zina gharama yake. Kwa uzito uleule, chembe ya nanomita 400 ina eneo la nje dogo mara 20 kuliko ya nanomita 20, kwa hiyo inabeba rangi kidogo sana. Huwezi kutengeneza seli nzima kwa chembe kubwa. Wapo waliotafuta kupata vyote viwili. Kundi la Guozhong Cao kule Seattle, Marekani, walitumia zinki oksaidi: chembe ndogondogo walizozikusanya zikawa mafungu ya mviringo ya nanomita mamia kadhaa. Chembe zinabeba rangi, fungu linatawanya mwanga. Mwaka 2008 walichapisha ufanisi wa asilimia 5.4, na hiyo ni kwa zinki oksaidi, ambayo kwa kawaida huachwa nyuma na titania. Hawakutafuta ua jipya. Walipanga upya vumbi.

Basi nikaenda kwa mzee wa maabara.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Rozela imekushinda?"

"Haijanishinda. Natafuta titania yenye chembe kubwa."

Alicheka, akainama kwenye rafu ya chini kabisa, akatoa kopo la plastiki lenye vumbi. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: CHEMBE KUBWA MNO, HAIFAI. "Hii iliagizwa kwa makosa," akasema. "Wenzako wote wameikataa. Miaka mingapi nawaambia waitumie hata kupaka ukuta."

Kwa kweli nilisimama pale nikiangalia lile kopo kwa muda. Kitu ambacho makala za watafiti zinakiita tabaka la kutawanya mwanga kilikuwa kwenye rafu yetu, miaka yote, kimeandikwa hakifai. Na kilikuwa hakifai kweli, kwa swali tulilokuwa tunauliza.

(Nikiwa hapohapo niseme jambo linalonikera. Mchanga wenye titani tunao ukanda huu. Majirani zetu wa Kwale, Kenya, walichimbiwa ilmenaiti na rutaili kwa takriban miaka 10, ikasafirishwa kwa meli kutoka Likoni, hadi uchimbaji ulipofungwa Desemba 2024. Halafu sisi mwanafunzi akitaka gramu 100 za titania anaagiza ng'ambo na kusubiri mpaka bumu linakwisha. Lakini hiyo ni makala nyingine.)

Nikatengeneza uji, nikapaka tabaka la pili juu ya lile la kwanza kwa kutumia selotepu kama kipimo cha unene, nikachoma. Lilitoka jeupe, zito, kama chokaa. Nikaloweka kwenye rozela, nikafunga seli, nikaiweka chini ya taa. Mkondo ulipanda kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na seli isiyo na tabaka hilo.

Zaidi ya nusu! Nilipiga simu nyumbani. Mama hakuelewa nilichosema ila alifurahi kwa sababu nilikuwa nafurahi. Siku hiyohiyo nilikwenda stationari ya getini nikachapisha bango kubwa la rangi, kwa hela ambayo ilikuwa ya chakula cha wiki mbili. Namba niliiweka katikati, kwa herufi nene.

Kesho yake mzee wa maabara alikuja na kipande cha karatasi nyeusi chenye tundu la mraba.

"Umepima na hii?"

"Hapana, mzee. Ya nini?"

Hakujibu. Aliilaza juu ya seli yangu, tundu likakaa sawasawa juu ya ule mraba mwekundu, akawasha taa. Namba ikashuka hapohapo, mbele ya macho yangu.

Maelezo ni haya. Mraba wangu wenye rangi ulikuwa mdogo, nusu sentimita kila upande, lakini kioo kilikuwa kikubwa. Mwanga unaoangukia kioo kando ya mraba hauishii pale. Unasafiri ndani ya kioo, unadundadunda, na sehemu yake inaingia kwenye mraba kwa ubavuni. Tabaka langu jeupe, lililomwagika kidogo nje ya mraba kwa sababu mikono yangu si ya fundi, lilikuwa linauvuta mwanga huo vizuri kabisa. Yaani seli ilikuwa inakula sahani ya jirani, na mimi kwenye hesabu nagawa kwa sahani yake peke yake. Kwa seli ya kawaida kosa hili lipo. Kwa seli yenye kutawanya mwanga ni kubwa zaidi, kwa sababu kazi ya tabaka lenyewe ni kuupeleka mwanga kila upande.

Halafu likaja la pili, na hili nililigundua mwenyewe nikiwa kitandani usiku, ndiyo maana sikulala. Nilikuwa nalinganisha seli yenye tabaka moja na seli yenye matabaka mawili. Hata kama tabaka la pili lisingetawanya chochote, bado ni titania zaidi na rangi zaidi. Nilitakiwa kutengeneza seli ya tatu, ambayo unene wa ziada ni wa chembe ndogo, ndipo nijue ni kiasi gani kinatokana na kutawanya na kiasi gani kinatokana na unene tu.

Nilikuwa na siku nne. Nilitengeneza seli za kulinganisha, nikapima zote kwa karatasi nyeusi. Faida ilibaki, lakini sasa ilikuwa kama robo ya mkondo, si nusu na ushee.

Rafiki yangu mmoja, mtu mwema tu, aliniambia: "Acha hivyohivyo. Bango limeshachapwa. Nani atakagua?" Na alikuwa sahihi, hakuna ambaye angekagua. Kwenye ripoti zote nilizosoma kabatini sikuona hata moja iliyosema ilipimwa kwa karatasi nyeusi au bila, wala taa ilikuwa ya aina gani. Nyingine hazikutaja hata eneo la seli. Ningeweka namba yangu ya kwanza, ingekaa katika ile safu ya namba kama nyingine zote, na mwaka ujao mdogo wangu mmoja angeinukuu kwenye sura yake ya pili, akashangaa kwa nini yeye haifikii, akadhani mikono yake ni mibaya.

Hilo la mdogo wangu ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nilikata namba kwenye bango langu, nikaandika mpya pembeni kwa mkono. Halikupendeza. Siku ya maonyesho mgeni mmoja aliuliza kama mtoto alichezea bango. Kwa taarifa yenu, zawadi ilikwenda kwa bogenvilia.

Nafahamu mtakayosema. La kwanza: dada, paneli ya silikoni dukani siku hizi ina ufanisi wa zaidi ya asilimia 20 na bei yake imeshuka, ya nini kuhangaika na rozela? Nakubaliana nanyi mia kwa mia. Hakuna kijiji kitakachowashwa taa kwa rozela yangu, na ningeomba tuache kuandika hivyo kwenye utangulizi. Seli bora kabisa ya rangi iliyochapishwa kwenye Nature mwaka 2023 ilikuwa na asilimia 15.2 juani. Lakini seli hizohizo, chini ya mwanga hafifu wa ndani ya chumba, zilifika asilimia 28.4 hadi 30.2. Huko ndiko zinakoonekana kuelekea: vifaa vidogo vya ndani, vihisi, vitu ambavyo leo vinakula betri na kutupwa. Na pale Lausanne, kwenye ukumbi wa mikutano wa SwissTech, seli za rangi zimepambwa ukutani kama vioo vya kanisa, mwanga unapita ukiwa na rangi zake. Ukiweka tabaka langu jeupe pale utakuwa umeharibu kila kitu, kwa sababu hutaona tena nje. Kwa hiyo hata kutawanya mwanga si dawa ya kila mahali. Lazima kwanza useme seli ni ya kazi gani.

La pili: kutawanya hakuondoi udhaifu wa rangi za mimea. Kweli. Rozela ni nyekundu kwa sababu mwanga mwekundu inauacha upite, na mwanga ambao rangi haiumezi kabisa hata uuzungushe mara mia hutapata kitu. Rangi hizi pia zinafifia juani, na nyingi hazijishikizi vizuri kwenye titania. Mtu akiniambia kwenye seli yake hasara kubwa iko kwenye elektroni zinazopotea na si kwenye mwanga, nitamwambia basi shughulika na elektroni. Ninachopinga ni mtu kuanza na ua kabla hajajua hasara iko wapi. Dokta alijua yangu iko wapi kwa kuangalia dirishani. Haikuhitaji mashine.

La tatu nililisikia kwa wenzangu wa darasani: ua jipya linaruhusiwa haraka, kwa sababu ni "jipya", wakati swali kama "tabaka la kutawanya liwe na unene gani" linaonekana dogo, halina jina la kuvutia. Hapa lawama si ya wanafunzi peke yao. Idara ikitoa alama kwa upya wa ua, wanafunzi watachuma maua. Ikitoa alama kwa seli ya kulinganisha, kwa karatasi nyeusi, kwa kueleza namba imeshuka kwa nini, watafanya hayo. Ningependa mradi mmoja tu kila mwaka uanze pale wa mwaka jana ulipoishia, kwa kioo kilekile, taa ileile, hata kama ni kazi isiyo na mbwembwe. Karatasi nyeusi haigharimu kitu. Chama chetu kinaweza kulipeleka hili kwenye kikao cha idara. Tumeshapeleka mambo madogo kuliko hili, ikiwemo bei ya chapati.

Mimi sikumaliza. Sijui bado tabaka la maikromita 2 lingetosha au linahitaji 6, wala nini kingetokea kama ningechanganya kidogo cha lile kopo ndani ya sponji yenyewe badala ya kulipaka nyuma. Nilianza, muda ukaisha, mitihani ikafika. Kopo lipo rafu ya chini, mkono wa kushoto ukiingia, limebaki kama nusu. Seli zangu 11 ziko kwenye boksi la viatu kwa mzee wa maabara, kila moja ina karatasi ya unene, eneo na taa niliyotumia. Anayezitaka azichukue, ila asizipime kama zilivyo: elektroliti imevuja kwenye nyingi, aanze kwa kujaza upya. Na ile karatasi nyeusi iko ndani ya boksi hilohilo, chini kabisa.